Siku Niliyoizika Kibodi Ikiwa Hai

Leo nacheka, lakini kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimwona Mama Ngoie kwa mbali navuka barabara, kwa aibu tu.

Mwaka ule mtaa wetu hapa Kolwezi ulikuwa unahamishwa, maana wenye mgodi walisema shaba iko chini ya vitanda vyetu, na amri ilikuwa moja: orodha ya wenye nyumba imfikie mjumbe wao kabla ya saa sita mchana, na asiye na jina humo hapati kiwanja kule tunakopelekwa. Mwandishi wa orodha ni mimi, katika ofisi ya parokia, kwa kompyuta ya Linux ambayo pale mtaani niliijua peke yangu (na nilihakikisha kila mtu analijua hilo).

Vumbi letu mnalijua na upepo wake, kwa hiyo nilipoinuka kunywa maji nikaacha karatasi za majina juu ya kibodi, na juu yake nikaweka jiwe la malakiti, lile la kijani ambalo kila ofisi huku inalo mezani. Kurudi, nikakuta kitangazo kidogo kwenye kioo cha kompyuta, nikakifunga bila kusoma (fundi gani husoma?). Nikagonga herufi, kimya. Nikachomoa waya nikachomeka kwingine, kimya. Nikaazima kibodi ya sista, nayo kimya, na kuizima kompyuta niliogopa, maana ikiniomba neno la siri ningeliandika na nini?

Saa tano imeshapita, watu wamejaa mpaka dirishani, majina tisa bado, na mimi badala ya kusema sijui nikatangaza kifo cha kibodi: "Bandugu, masini imekufa. Virusi ilikula klavie." Mama mmoja akaanza kulia. Nami nikaendelea kueleza jinsi virusi vinavyotembea kwenye waya, Mungu anisamehe.

Mama Ngoie, aliyezeekea kwenye mitambo ya kampuni kubwa ya shaba kabla haijaanguka, alikuwa mmoja wa wale tisa. Akanisogeza kwa kiwiko, akaketi ajaribu mwenyewe, akiniita tata, yaani baba.

"Leka mi nipime, tata. Kule ku kazi tulikuwa tunafinya kifungo mpaka taa iwake. We unafinya mbio-mbio sana."

Akaweka kidole kwenye N, akakiacha palepale. N ikatokea. Kisha G, polepole. Watu wa dirishani wakasukumana waone kioo. Nimewahi kuona shaba ikimiminwa kama uji wa moto, lakini sijastaajabu namna ile maishani. Aliandika majina yote tisa kwa kidole kimoja, mimi nikimsomea kama karani wake, na orodha ikamfikia mjumbe saa sita ikikaribia kabisa.

Baadaye ndipo nikagundua kwamba jiwe lilikuwa limekalia kwa muda mrefu kitufe kile kinachoshikiliwa ili kuandika herufi kubwa, na kompyuta ikifanyiwa hivyo hujigeuza, ikawa inatii kidole kinachokawia tu. Kitangazo nilichokifunga kilikuwa kinasema hayo hayo.

Lakini siku ile, Mama Ngoie akiinuka kitini aliniuliza kwa upole, "Na ile virusi, tata, ilienda wapi?"

Siku hizi nasoma kila kitangazo, na nisichokijua nasema sikijui. Tunakaa huku kwenye viwanja vipya. Nyumba za wale tisa ziko mstari mmoja, na kila asubuhi nikipita mbele ya nyumba hizo nakumbuka kwamba nilikuwa nimeshazizika zote kwa mdomo wangu.