Sarafu ya Mwaka wa Mdogo Wangu

Chenji niliyopewa leo sokoni inanuka dagaa, na kabla sijaitia mfukoni nimeshaigeuza kusoma mwaka.

Mama aliuza dagaa gatini Kamanga, pale kivuko kinapopakia abiria. Sarafu mpya zilipotoka, wauzaji walizificha nyumbani kwa sababu zinang'aa, wakarudisha chenji ya zile zilizochakaa. Ndiyo maana sarafu za miaka mingine zilikuwa hazionekani. Mama alitaka za mwaka mmoja tu, ule aliozaliwa na kufa mdogo wangu. Alikuwa amepata tatu. Alizisugua kwa majivu, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

Siku moja nilichukua moja nikanunua barafu. Alipogundua, alinishika mkono, akanipeleka hadi kwa muuzaji wa barafu.

"Samahani baba, mtoto amekupa sarafu inayong'aa. Nikupe nyingine."

"Nimeshaitoa chenji, mama. Niliyempa amepanda kivuko."

Kivuko kilikuwa tayari katikati ya ziwa. Mama alikitazama mpaka kikawa kidogo. Hakunichapa. Aliniuliza tu kama barafu ilikuwa tamu.

Nikamwambia ilikuwa tamu.