Hatua Nne Kutoka kwa Baba

Kwa miaka saba, kila Ijumaa baada ya alasiri, nilifunga kibanda changu cha kutengeneza feni pale Makadara, nikaenda makaburini kumsomea babangu Yasini. Mtu asinisifu. Nilikwenda pia kwa sababu nyumbani hakuna anayenisikiliza mpaka mwisho. Nikimaliza kusoma ning'oe magugu, niumwagie maji mrehani niliopanda kichwani mwake, kisha nimpe habari za wiki.

Kaburi halikuwa na jina. Baba mwenyewe alituusia hivyo. "Msinijengee, msiniandike," alisema. "Jiwe moja la kichwani latosha."

Mwaka jana ami yangu, mdogo wake Baba, alikuja kutoka Lamu kwa ajili ya harusi, akaniomba twende tukamzuru ndugu yake. Nikatangulia kwa madaha, kama mwenye nyumba anayemwonyesha mgeni sebule. Nikasimama penye mrehani. Yeye akanipita hatua nne, akasimama kwenye kituta kilichokaribia kulingana na ardhi, nyasi zimefika magotini, na chupa ya plastiki imelala juu yake.

"Wasimama wapi, mwanangu? Babako huyu hapa."

"Ami, mimi huja hapa kila wiki."

"Na mimi ndiye niliyeshuka kaburini nikampokea. Wewe ulikuwa nyuma ya watu, walia. Mzizi wa huu mwarobaini ulinichubua bega mle ndani."

Nilibisha. Mimi ni mbishi, hata mke wangu atashuhudia. Lakini mwarobaini upande ule ni mmoja tu, nao ulikuwa umesimama kando yake yeye, si kando yangu. Siku ya maziko nilitupa konzi tatu za mchanga huku sioni vizuri kwa machozi. Niliporudi peke yangu baada ya wiki mbili, nilichagua jiwe lililofanana.

Ami alicheka mpaka akashika ukuta wa makaburi. Akaniambia nisijitese, dua ilikuwa ya babangu na Mungu yuwamjua ni yupi. Hilo nililielewa. Kilichoniuma ni kwamba miaka saba nilipita kando ya nyasi zile nikiwalaani moyoni watoto wa maiti yule kwa uvivu wao.

Wiki nzima sikufanya kazi ya maana. Niliogopa, nasema wazi. Ikiwa mimi niliyempenda nimeweza kumpoteza, mimi nani atanijua? Miaka thelathini nafungua feni, naweka waya mpya, nafunga. Nikiondoka zitaendelea kuzunguka mpaka ziharibike, zipelekwe kwa fundi mwingine, naye atailaumu kazi yangu, maana mafundi ndivyo tulivyo. Basi, habari yangu yote ni hiyo tu?

Ijumaa nikaenda na jembe. Nikamsafisha Baba, nikamwomba radhi. Nilipotaka kuondoka nikaona mrehani umesinyaa kwa kiu. Mrehani hauna kosa. Nilikuwa nimeinama naumwagia maji, nikasikia salamu nyuma yangu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, begi la safari begani. Tulipojuliana hali, akaniuliza kwa adabu marehemu ni nani wangu. Nikamjibu hatuna undugu. Machozi yakamlengalenga.

"Ni mamangu," akasema. "Mimi nafanya kazi bara, likizo napata mara moja kwa mwaka, na ndugu sina. Kila nikija napakuta pasafi, nami sijui ni nani. Huko kazini nikizidiwa, hujiambia, mamangu ana mtu."

Ningeweza kunyamaza nikapokea shukrani. Nilitamani sana. Lakini mama wa watu nilikuwa nimemwita Baba miaka saba. Nikamweleza yote, kuanzia jiwe mpaka kicheko cha ami, huku nikingoja anikasirikie.

Akalishusha begi lake chini. Kisha akauliza, "Ulikuwa ukimwambia nini?"

Nikaona haya. Nikamwambia ni mambo ya kawaida. Sukari yangu ilipopanda. Binti yangu alipoposwa nikakataa, kisha nikakubali. Feni zilizonishinda, ambazo sijamwambia mtu mwingine yeyote.

"Mamangu alipenda habari," akasema, anacheka huku akijifuta macho. "Akikaa mlangoni, hakuna aliyepita bila kuulizwa. Nami nilidhani miaka yote hii yuko peke yake."

Akaniomba nisiache. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, nimepoa moyo, na nilipoulizwa mbona natabasamu nikasema ni jua.

Ijumaa iliyofuata nilimaliza kwa Baba, nikasogea hatua zile nne, nikatoa salamu. Nikashindwa kuanza, maana miaka saba sikuwahi kujitambulisha kwake.

"Shikamoo, Mama," nikasema. "Mimi ni fundi wa feni."