Mwenyekiti wa Walimu wa Sanaa

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwenyekiti wa chama chetu cha walimu wa sanaa hufika wa kwanza, hupanga viti kwa duara, kisha huketi kutuchongea penseli kwa wembe. Vidole vyetu vina rangi. Vyake vina vumbi la chaki, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Mtu akilalamika kwamba chumba chake cha sanaa kimegeuzwa stoo, humsikiliza mpaka mwisho, halafu humpa penseli. “Haya mwalimu, ichore hiyo stoo.” Juzi mwalimu mgeni alimuuliza, “Na wewe mama, shuleni kwako kipindi cha sanaa ni lini?” Wembe ukasimama. “Walikifuta mwaka juzi. Nafundisha hesabu.” Akapuliza ncha ya penseli. “Haya, nani mwingine ana shida?”