Gunzi la Mama Kwenye Ziwa la Majivu

Jana sokoni Tunduma nilipita kwenye meza ya samaki wa moshi, harufu ikanirudisha Momba, kijijini kwetu kando ya Ziwa Rukwa, nikiwa darasa la tatu. Msinicheke, mtu mzima nilisimama pale nikinusa perege kama paka.

Mwaka ule samaki walikuwa wameadimika. Tukaitwa uwanja wa shule kupanga ziwa: watu wavue wapi, ng'ombe wanywe wapi, samaki waachiwe wapi wazaliane. Mwenyekiti wa kijiji alichora ziwa chini kwa majivu, kila mvuvi akaweka gunzi la hindi pale anapotega. Weee, kelele! Kila mtu aliwatafutia samaki makao mbali na gunzi lake.

Mwenyekiti akauliza, "Vifaranga vya samaki vinaonekana wapi hasa?"

Watu wazima wote wakainamia majivu. Mimi na kiherehere changu nikapaza sauti, "Kwenye matete, pale mama anapotega migono! Vinanitekenya miguu nikichota maji."

Baba alishafariki, mtumbwi hatukuwa nao. Migono ile, mitego yake ya kwenye matete, ndiyo iliyotulisha. Mama alinitazama, nikatamani ardhi inimeze. Kisha akainuka, akaliokota gunzi lake.

"Mtoto hajasema uongo," alisema. "Lakini na mimi nipangiwe, jamani. Samaki wamepata pa kulala. Mimi nitatega wapi?"

Walibishana mpaka jua likatuchoma visogo. Mwishowe wenye mitumbwi wakasogeza magunzi yao, wakampa nafasi upande wa mawe, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Msimu ule tulikula mlenda hadi nikauchukia. Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga, maana roho iliniuma kila nikimwona anaondoka alfajiri na migono kichwani.

Masika ya pili perege walianza kutoka kwenye matete, wanene, wakafika hadi kwenye mawe. Mama alirudi amelowa, anacheka peke yake njiani.

Siku hizi kazi yangu ni kukaa na watu wa pwani tukigawana bahari kwenye karatasi: nyavu huku, meli kule, mazalia ya samaki pale. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile nilisema kweli. Kumbe mimi haikunigharimu kitu. Aliyeigharamia ni mama. Basi kabla sijachora mstari wowote, nauliza kwanza: hapa anatega nani, na yeye tunampeleka wapi?