Maji ya Mvua ya Mke Mwenza

Mume wangu alikuwa na wake wawili: mimi, na pikapu. Cheti cha ndoa ya kanisani kilikuwa changu, lakini maji matamu yalikuwa ya yule mwingine.

Tuliishi Mbeere, nilikokuwa nikifundisha shule ya msingi, nchi ya ndengu, mbuzi na jua lisilo na adabu. Maji yetu yalikuwa ya kisima na yalikuwa na chumvi. Sabuni ilikataa kutoa povu, na birika langu lilijenga ukoko mweupe ndani. Mvua ikija, mume wangu aliiacha ile ya kwanza ioshe mabati, kisha akakinga iliyofuata kwa mitungi ya plastiki, akafunga nailoni chini ya kila kifuniko na kuipanga stoo. Hayo yalikuwa maji ya rejeta, ya kupoza injini ya pikapu. Aliyachanganya nusu kwa nusu na ile dawa ya kijani ya kuzuia kutu, maana alisema maji yawe matamu namna gani, yakiachwa peke yake na chuma huzaa kutu. Dawa ikifikia wakati wake aliimwaga yote, akasuuza, akatia mpya, hata kama gari halijalalamika.

Mimi nilitaka kikombe kimoja tu cha chai ya maji yale. Nilipoomba, alichukua birika langu, akakwangua ule ukoko kwa kucha, akanionyesha.

"Mwalimu, hii ndiyo unataka iingie kwa injini?"

Kisha mama yake akaja kututembelea kutoka Kianjokoma, huko ambako maji hushuka baridi kutoka mlimani na majani chai huanzia mlangoni. Nikamsihi mume wangu anitolee kidogo, angalau kwa heshima ya mzazi.

"Mama atakunywa ya kisima," akasema. "Tumbo hujisafisha, Mwalimu. Injini haijisafishi."

Mama mkwe alionja, akaniangalia, akaniuliza kwa Kiembu kama kwetu chai hupikwa kwa magadi. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku ile mwenyeji nusura afe kwa aibu. Nilimnunia baba watoto hadi Jumapili.

Hata hivyo pikapu ile ndiyo iliyokuwa ikiamka kila ilipoitwa. Ilipeleka wagonjwa hospitali ya Embu, ikipanda mlima kwenye joto, huku tukipita lori la mfanyabiashara mmoja wa ndengu, lililonyweshwa maji ya kisima, limesimama kando likifuka mvuke. Kitindamimba wangu alikaribia kuzaliwa njiani, nami nikasikiliza injini ile ikinguruma bila kusita hadi langoni mwa hospitali. Siku hiyo sikumwita mke mwenza.

Tulipostaafu tulihamia mtaa wa Dallas, mjini Embu, kwenye maji ya mfereji. Yeye aliendelea kukinga mvua, nami niliendelea kumcheka. Mwaka jana, baada ya mvua za masika, alifariki. Bado huwa nageuka kumwambia neno nikisikia maji kwenye mabati.

Mwezi uliopita dawa ya rejeta ilifikia wakati wa kubadilishwa, nikamwita fundi, kijana wa mtaani. Akafungulia ile ya zamani. Ilitoka kijani, bila hata chembe ya kutu.

"Shosho, hii rejeta ni kama mpya," akasema. "Leta tu maji ya mfereji tumalize."

Nikamwambia angoje. Stooni ulikuwa umebaki mtungi mmoja, nailoni yake ingali chini ya kifuniko. Yalikuwa maji ya mwisho ambayo mikono ya mume wangu ilikinga. Nilisimama pale nikitamani kuyaficha, nimpe fundi ya mfereji, nani angejua? Lakini mwenyewe alikuwa ameyapangia kazi. Nikayabeba nje, nikamimina mwenyewe kwenye ndoo ya fundi, akachanganya na dawa, akajaza rejeta, akawasha gari. Liliitika mara moja.

Chini ya mtungi kulisalia kama kikombe kimoja. Nikayachemsha vizuri, nikatia majani na maziwa. Ilikuwa chai tamu, jinsi nilivyojua ingekuwa miaka yote ile. Nikakaa nayo mezani hadi ikapoa, nikingoja mtu aje anikataze.