Kiapo cha Ami Salim

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ami yangu Salim alipovaa kanzu yake ya Idi, nayo ilikuwa siku ya kazi tu, tukavuka feri kutoka Likoni, tukapanda matatu hadi Changamwe. Alikuwa akienda kuniombea kazi ya ulinzi kwenye bohari alikonunua unga na sukari ya duka lake.

Nilikuwa nimetoka jeshini. Nyumbani Timbwani niliwaambia muda wangu umekwisha. Kumbe nilifukuzwa. Nilikuja likizo, nikalewa sifa za wenzangu waliopenda kusikia habari za kambini, likizo ikaisha nami nisirudi, mpaka nikafuatwa. Kwenye cheti cha kuachishwa wakaandika kwamba mwenendo wangu haukuridhisha.

Meneja wa bohari akaniuliza cheti. Nikadanganya kwamba kilipotea.

"Huyu nimemlea mwenyewe," ami akasema. "Wallahi, hana doa."

Nami nikanyamaza. Hapo, mwanangu, naona haya hata kukusimulia.

Nikaandikwa. Lakini meneja alikuwa ameulizia jeshini, na majibu yalipokuja alimwita ami, si mimi. Nilimkuta kasimama ofisini, kofia mkononi, mzee aliyeheshimiwa Likoni nzima.

"Mzee Salim, uliniapia."

"Niliapa, bwana. Niwie radhi. Nimeapia nisilolijua."

Hakusema kwamba ni mimi niliyemdanganya. Natamani angesema.

Nikaachishwa kazi papo hapo, tukaondoka pamoja. Kwenye feri ndipo ami alipofungua kinywa.

"Ungeniambia, ningemwambia yule bwana: kijana wangu alikosea, mjaribu. Pengine angekataa, tukarudi zetu na heshima zetu. Wewe umeniacha nikaapa uongo kwa jina la Mwenyezi Mungu."

"Nisamehe, ami."

"Nimekusamehe. Ila pale mimi sina uso wa kurudi tena."

Wala hakurudi. Mpaka anafariki, sukari ya duka aliifuata mbali, kwa bei ya juu, na mimi nikimtazama.

Kazi niliipata baada ya muda mrefu, kwa muuza matairi wa Mtopanga. Wengi walikuwa wamekisoma kile cheti wakanirudishia. Huyu nilimpa kabla hajakiuliza. Akasoma, akaniangalia.

"Ulifanya nini?"

Nikamweleza yote. Akanipa kazi ya kupakia. Funguo hakunipa, na sikumlaumu.

Sasa nawe, mwanangu, umerudi kutoka jeshini na cheti chenye maneno yasiyokupendeza. Kisome chote. Ukiona wameandika lisilo kweli, rudi ukadai lirekebishwe, wala usichoke. Likiwa kweli, liseme wewe mwenyewe kabla hujaulizwa, na usimwache mzee wako akuapie gizani. Wako watakaokukatalia, sikufichi. Vumilia.

Mola akufungulie mlango wa halali, akupe ulimi mkweli, na wanaokupenda wasiinamishe vichwa kwa ajili yako. Amina.