Mashuka ya Wodi ya Wanawake

Jina la Mama Povu alipewa na wafanyakazi wenzake, likamganda hadi kanisani. Alikuwa mfuaji wa hospitali, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Chumba chao kilikuwa nyuma ya jiko: mashine mbili, moja nzima na moja ya kubembelezwa, na mabeseni ya saruji yaliyojengwa ukutani. Akishika shuka alijua limetoka wodi gani. Aliyekuja kujifunza kazi aliambiwa jambo moja kwanza: "Damu ni maji baridi. Ukiitia maji ya moto umeipika, haitoki tena."

Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliugua homa siku nne, akafia katika hospitali hiyohiyo. Mama Povu alipewa wiki mbili za kupumzika. Siku ya tisa alikuwa kazini. Mashine nzima nayo ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nguo za wiki iliyopita zilikuwa bado zimerundikana sakafuni. Ndani ya lundo alikuta foronya yenye kiraka cha uzi wa kijani. Aliijua. Alikuwa ameikodolea macho siku nne mfululizo, chini ya kichwa cha mwanawe. Akailoweka, akaifua, akaianika, akachukua iliyofuata.

Hakulia. Watu walimsubiri alie, wakachoka. Mdogo wake alihamia kwake mwezi mzima akiwa na leso tayari, mwisho akaitumia mwenyewe. "Dada, toa, usiweke moyoni," alimwambia. Mama Povu alitafuta cha kutoa, hakukiona. Chakula kilipita kooni kama pamba. Nyimbo za kanisani alizisikia kama redio ya jirani.

Mwaka ulipokaribia kuisha, kanisa liliandaa safari ya huduma ya siku sita, kwenda kwenye zahanati moja ya mbali yenye wodi mbili. Mdogo wake ndiye aliyemwandikisha, bila kumuuliza. Katika kikao cha maandalizi, mke wa mchungaji aliuliza kila mtu ana karama gani. Huyu kuhubiri, huyu kuimba, huyu kuombea wagonjwa. Ikafika zamu yake.

"Mimi nafua," alisema.

Watu wakacheka. Mke wa mchungaji akacheka pia, kisha akaandika.

Walipofika, wengine walifunga vipaza sauti uwanjani. Mama Povu aliuliza kisima kilipo. Zahanati haikuwa na mfuaji. Ndugu za wagonjwa ndio waliofua, na asiye na ndugu alilalia alichonacho. Akakusanya mablanketi, akayakanyaga kwenye pipa lililokatwa nusu, akayatandaza juu ya ua wa miti. Hakuhisi kwamba anafanya jambo jema. Alihisi uzito wa blanketi likilowa, basi.

Asubuhi ya pili, alipokuwa akitandika upya wodi ya wanawake, alimkuta bibi mmoja wa kitanda cha dirishani ameshikilia godoro kwa mikono miwili. Bibi huyo alikuwa amevunjika nyonga. Hakuwa na mtu wa kumuuguza.

"Changu ni safi, mwanangu. Nenda kwa wenzangu."

Mama Povu alikuwa ameshasikia harufu. Pua ya miaka ishirini na miwili haidanganyiki. Shuka lilikuwa limekunjwa likasukumwa chini ya godoro, bichi. Alimgeuza bibi taratibu upande wa mguu mzima, akalivuta, akalichanganya katikati ya mengine, akatandika kavu.

"Usimwambie mtu," bibi alinong'ona.

"Nimwambie nani, bibi? Mimi mwenyewe siongei na mtu."

Kuanzia hapo alikwenda kila alfajiri kabla wenzake hawajaamka. Bibi alikuwa macho, akimsubiri. Shuka lilitoka, shuka liliingia, hakuna aliyeomba radhi. Siku ya nne bibi alimuuliza, "Una watoto?"

"Nilikuwa naye mmoja."

Lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kumtoka. Alisimama akingoja limfanye kitu. Halikumfanya kitu. Bibi aliinyoosha mikunjo ya shuka kwa kiganja, ule upande aliouweza, akasema, "Haya. Mimi watano, wote walinitangulia." Kisha Mama Povu akaenda kisimani.

Waliporudi, Jumapili ikawa ya shuhuda. Mmoja alisema watu arobaini wameokoka. Mwingine alieleza mgonjwa alivyoinuka akatembea. Mchungaji akamwita Mama Povu.

"Nilifua mashuka," alisema. "Sabuni haikutosha. Safari ijayo tubebe mara mbili." Akakaa.

Mdogo wake alimkabili nyumbani. "Dada, ndiyo nini ile? Hata 'Bwana asifiwe' hukusema! Basi niambie mimi. Kule moyo umepoa hata kidogo?"

"Haujawaka, utapoaje?"

"Sasa mbona umeshasema safari ijayo?"

Mama Povu alifikiri kweli, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Kule kuna kazi," alisema. "Na yule bibi analala pakavu. Kupenda kwingine sikuwezi kwa sasa."

Safari ya pili ilikuwa baada ya miezi minane. Kitanda cha dirishani kilikuwa na msichana mwenye mguu uliofungwa plasta. Muuguzi wa zamu, dada mrefu asiye na maneno mengi, alimfuata Mama Povu kwenye kamba ya nguo.

"Bibi yako alifariki mwezi uliopita."

"Alilalia nini?"

"Kavu. Mlipoondoka alianza kuficha tena, nikamfumania. Akaniambia, 'Yule mama alikuwa akichukua bila kusema.' Nikawa nachukua bila kusema." Muuguzi alitazama pembeni. "Hapo mwanzo sikujua kama anaficha. Nilidhani wodi ndiyo inanuka hivyo."

Mama Povu aliitikia kwa kichwa. Akashusha shuka moja kutoka kwenye kamba. Muuguzi alishika ncha mbili za upande wa pili, wakarudi nyuma kila mmoja hatua mbili ili kulinyoosha.

"Binti yangu naye alilala wodini," Mama Povu alisema. "Siku nne. Foronya yake niliifua mimi."

"Pole, mama."

"Asante."

Wakasogeleana, wakalikunja, wakashusha lingine.